Kesi Zinazofia Njiani

Mfupa wa mkono husema umevunjikaje. Mtu akiteleza njiani hujikinga kwa kiganja, na uzito wa mwili huvunja mfupa wa upande wa kidole gumba, karibu na kifundo. Mtu akiinua mkono kukinga kichwa asipigwe, unaovunjika ni mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, katikati ya kigasha, kwa kuwa huo ndio unaotangulia kukutana na fimbo. Nilifundishwa hivyo chuoni. Kisha nikaenda kufanya kazi ya utabibu katika kituo cha afya cha milimani, mkoani Tanga, na huko nikawapokea wanawake wengi waliovunjika mfupa ule wa pili, kila mmoja akiniambia ameanguka.

Kazi yangu ilikuwa kutibu na kuandika. Fomu ya polisi namba tatu, ambayo kila mtu huiita PF3, hutolewa kituo cha polisi; mgonjwa huja nayo, na mtabibu hujaza sehemu yake: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limesababishwa na kifaa cha namna gani, madhara yake yamefikia kiwango gani. Fomu hurudi polisi ikaingia kwenye jalada. Nimejaza fomu hizo tangu nikiwa kijana hadi nilipostaafu kwa hiari, na kwa miaka hiyo yote jambo moja lilinisumbua kuliko damu. Nilichoandika kilikuwa kweli, kilikuwa na sahihi yangu na muhuri wa kituo, na mara nyingi hakikumsaidia mtu yeyote.

Watu wakizungumza kuhusu ukatili dhidi ya wanawake hupenda kudai sheria kali. Sheria tunazo, na baadhi ni kali sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, hata kama mila zinasema vinginevyo. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na tangu hapo adhabu ya ubakaji huanzia miaka 30 jela. Kwa maandishi, mwanamke wa Tanzania amelindwa muda mrefu. Kinachomwangusha ni safari iliyopo kati ya jeraha na hukumu. Katika kesi nilizozifuatilia, ni chache mno zilizoshindwa kwa hoja. Nyingi zilichoshwa mpaka zikafa.

Mmoja wa wanawake hao nitamwita mama wa karoti, kwa kuwa alikuwa akipeleka karoti gulioni na jina lake si la kutajwa hapa. Aliletwa na mama mkwe wake. Mama mkwe alijibu maswali yote kabla mgonjwa hajafungua kinywa: ameteleza, njia ina matope, si unaona mvua hizi. Nikamwomba bibi akapumzike nje kidogo nimpime mgonjwa. Mlango ulipofungwa nikasema, "Mama, mfupa huu hauvunjiki kwa kuanguka." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo baadaye nililisikia kwa wengi, na ambalo hakuna somo la chuoni lililoniandaa kulijibu.

"Nikisema, leo nitalala wapi?"

Wilaya yetu haikuwa na nyumba hata moja ya kumhifadhi mwanamke anayeogopa kurudi kwake. Usiku ule alilala wodi ya wazazi, kwa huruma ya muuguzi wa zamu aliyemwandikia kitanda kana kwamba ni mjamzito aliyetoka mbali. Asubuhi dada yake alikuja akampeleka polisi.

Enzi hizo madawati ya jinsia na watoto hayakuwepo. Walipofika kaunta waliambiwa mambo ya ndani ya nyumba wakayamalize nyumbani. Dada mtu alikuwa mwanamke mkali, nami hadi leo ninaushukuru ukali wake. Aligoma kuondoka kwenye benchi. Mchana wakapewa fomu. Wakaambiwa pia kwamba gari la kituo halina mafuta, kwa hiyo wakimwona mtuhumiwa wamlete. Fikiria hilo. Mtu amevunjwa mkono, anaagizwa akamkamate aliyemvunja.

Niliandika nilichokiona. Mfupa wa kigasha cha kushoto, upande wa kidole cha mwisho, umevunjika katikati, kuna michirizi ya fimbo mgongoni, mingine mipya na mingine ya zamani iliyoanza kufifia. Kwenye kiwango cha madhara nikaandika madhara makubwa. Hati ya mashtaka ilipofika mahakamani ilisoma shambulio la kudhuru mwili, kosa la kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo ukomo wake ulikuwa miaka 5. Kumsababishia mtu madhara makubwa lilikuwa kosa la kifungu cha 225, miaka 7. Nani aliteremsha, na kwa sababu gani, hakuna aliyeniambia. Nilichojua ni kwamba kati ya meza yangu na meza ya hakimu kulikuwa na meza nyingine, na juu ya meza hiyo kosa liliweza kupungua uzito pasipo mtu kutoa maelezo.

Zikaanza tarehe. Mshtakiwa, ambaye ni mumewe, alikana, akapewa dhamana, akarudi nyumbani. Mara mwendesha mashtaka ameitwa mkoani. Mara jalada halijaletwa kutoka polisi. Mara hakimu yuko kwenye semina. Mara hakimu amehamishwa, na aliyekuja anahitaji muda wa kulipitia jalada. Kila sababu ukiichukua peke yake ina maana, na nadhani kila aliyeitoa aliona anasema kweli. Ukizipanga pamoja zinakula msimu mzima wa kilimo.

Mimi nilikuwa shahidi. Samansi moja ilinifikia mchana wa siku yenyewe ya kesi, imeletwa na mwendesha pikipiki aliyepewa na askari aliyekuwa akipita njia. Nyingine ilifika mapema. Nikawaacha wagonjwa kwenye foleni na muuguzi mmoja, nikashuka mjini. Saa nne karani alitoka barazani na orodha yake, akasoma namba ya kesi na tarehe mpya, akaingia ndani. Nauli nilijilipia, nami nilikuwa na mshahara. Mama wa karoti alijilipia kwa karoti, na kwa bahati mbaya siku za kesi zilipenda kuangukia siku ya gulio.

Kuna jambo ambalo halimo katika jalada lolote, na kwangu ndilo lililoeleza yote. Kutoka mjini kwenda kwao kulikuwa na basi moja la jioni. Kesi ikiahirishwa saa nne asubuhi, mlalamikaji na mshtakiwa wanashinda katika stendi moja na kupanda gari moja. Siku moja nilipanda nao. Mama alikaa nyuma na dada yake. Mume alikaa mbele karibu na dereva, akizungumza kwa sauti, akicheka, na konda alipopita akamlipia nauli mzee mmoja wa kijiji chao. Mzee huyo alikuwa ameandikwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Ndiye jirani aliyesikia mayowe. Aliipokea nauli ile akashukuru. Abiria wote walikuwa wanajua, na hakuna aliyesema neno mpaka tunashuka. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kesi hii haitaamuliwa mjini.

Wazee walikaa baada ya mavuno. Upande wa mume ulikiri, ukatoa mbuzi na fedha kwa baba wa mwanamke na vitenge kwa mwanamke mwenyewe. Siku chache baadaye alikuja kituoni kwangu.

"Daktari, naomba uifute ile fomu."

Nilimweleza kwamba fomu haifutiki, iko polisi, na sahihi yangu siwezi kuikana. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipa hesabu yake. Mume akifungwa, shemeji zake watamtoa kwenye shamba, na shamba hilo ndilo linalosomesha watoto. Asipofungwa, atarudi na hasira ya kuburutwa mahakamani. Nauli imekwisha. Shahidi naye amekwisha. Wazee angalau wamempa mume masharti mbele ya watu. "Kwa huko kwenu," aliniambia, akionyesha upande wa mjini, "sijapewa hata sharti moja."

Tangu siku ile sivumilii kusikia kwamba wanawake wenyewe ndio wanaofuta kesi. Nimelisikia kwa askari, kwa mahakimu, kwa watoa mada kwenye semina za Siku 16 za kupinga ukatili, na husemwa kwa namna ya mtu anayefunga mjadala. Mwanamke yule alipiga hesabu vizuri kuliko yeyote kati yetu. Alisimama upande wa dola kwa muda mrefu kuliko dola ilivyosimama upande wake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya binafsi, kwa sharti kwamba kosa lisiwe zito. Mkono uliovunjwa haungepita kipimo hicho mbele ya hakimu makini. Mapatano yalipita kwa kuwa yalifanyika kijijini, na mahakama ikaletewa mlalamikaji anayesema hana nia ya kuendelea. Kesi ikaondolewa. Nadhani katika vitabu vya takwimu vya mwaka ule ilihesabiwa kati ya kesi zilizomalizika.

Aliletwa tena kwangu baadaye, sikio moja likitoka damu. Kofi la kiganja wazi hupasua ngoma ya sikio. Si lazima ngumi. Nilipomuuliza kuhusu polisi alitikisa kichwa. Alitaka kujua tu kama atasikia tena.

Kesi ya pili nitakayoieleza ilifika mpaka hukumu, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Binti wa kidato cha pili alibakwa na mwenye duka jirani na shule yao. Mama yake aligundua tumbo lilipoanza kuonekana. Kwa umri wake suala la kukubali au kukataa halikuwepo kisheria. Chini ya miaka 18 ni ubakaji. Nilijaza fomu: umri wa mimba kwa makadirio, hali ya mwili, hali ya akili yake kama nilivyoiona. Safari hii palikuwa na dawati la jinsia, na askari wa kike aliyekuwa pale alifanya kazi yake kwa moyo wote. Alimchukua binti maelezo peke yake, akawafuata mashahidi hadi majumbani, akanipigia simu siku mbili kabla ya kila tarehe. Nataja hilo kwa makusudi. Askari mmoja anayetaka kesi isonge husogeza kesi.

Binti alipanda kizimbani akaeleza. Sheria yetu ya ushahidi inakubali kwamba katika makosa haya ushahidi wa aliyetendewa unaweza kutosha peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Hakimu aliridhika. Miaka 30. Wiki zilizofuata wasichana wengine wawili wa shule ile waliwafungulia mama zao siri za muda mrefu, maana walikuwa wameona kwamba ukisema, jambo hufanyika.

Mfungwa akakata rufaa, akaachiwa.

Nakala ya hukumu ya rufaa nililetewa na mama wa binti. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa hukumu za wakati huo kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Tulikaa barazani kwangu nikamtafsiria ukurasa kwa ukurasa. Fomu yangu ilikuwa imepokelewa kama kielelezo, lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa. Mshtakiwa hakuelezwa kwamba ana haki ya kutaka mtabibu aitwe kuhojiwa. Kwa hiyo fomu iliondolewa kwenye kumbukumbu. Umri wa binti ulitajwa kwenye hati ya mashtaka, lakini hakuna shahidi aliyeulizwa kuhusu umri huo na cheti cha kuzaliwa hakikuletwa. Kwa hiyo umri haukuthibitika, na kosa lilisimama juu ya umri. Mama alinikatiza hapo.

"Mimi nilikuwepo siku zote. Mbona hawakuniuliza mwanangu nimemzaa lini?"

Siwezi kuwabeza majaji wa rufaa. Kanuni hizo zimewekwa ili mtu asifungwe kwa karatasi ambayo hakuisikia na hakupata nafasi ya kuipinga. Nimewahi kumjazia PF3 kijana aliyepigwa na umati hadi kupoteza jicho kwa wizi ambao hakuufanya, na ninajua nchi inavyokuwa pale watu wanapohukumiwa bila utaratibu. Hasira yangu iko kwingine. Kusoma ukurasa mmoja kwa sauti kunachukua dakika mbili. Kumuuliza mama swali la umri kunachukua muda mfupi zaidi. Mwendesha mashtaka na hakimu walisomea hayo, wanalipwa kwa hayo, na waliposahau gharama yote ikaangukia kwa mtoto ambaye ndiye peke yake katika chumba kile aliyetimiza alichotakiwa kutimiza.

Nilidhani lilikuwa balaa la wilaya yetu tu. Wakili mmoja wa msaada wa kisheria akanionyesha hukumu za Mahakama ya Rufani zenye maneno karibu yale yale: fomu haikusomwa, umri haukuthibitishwa. Kuna na jingine. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yanamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni mabadiliko mema, yanamwondolea mtoto maswali ya kutisha kuhusu Mungu na kiapo. Lakini ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, ushahidi wa mtoto unaweza kutupwa wote. Sentensi moja ya hakimu inaweza kubeba au kuangusha miaka ya mateso.

Habari za kuachiwa kwa yule mtu hazikutumwa kwa familia. Hakuna aliyewapigia simu wala kuwaandikia barua. Kabla hata ya nakala ile kupatikana, binti alikuwa gulioni anauza maparachichi, mtoto mgongoni, akamwona anakuja katikati ya watu na mfuko wa sukari mkononi. Aliacha maparachichi pale pale chini. Wiki hiyo hiyo alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za ndani. Wale wasichana wengine wawili hawakufungua kesi.

Mtu akiniambia mfumo wetu hauna uwezo, simkubalii. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti mmoja wa Dar es Salaam akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume. Nchi nzima iliona, nchi nzima ikapiga kelele. Washtakiwa wanne walifikishwa mahakamani Dodoma mwezi huo huo, na tarehe 30 Septemba wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mashahidi walipatikana, majalada yalifika, hakimu alikuwepo. Nilifurahi kwa ajili ya binti yule, na usiku wake sikulala, nikiwakumbuka wanawake wangu wa milimani ambao hakuna aliyewarekodi. Ni sheria zile zile na aina ile ile ya watumishi. Kilichoongezeka ni macho ya watu.

Macho hayo yana historia. Februari 1990, nikiwa bado nasomea utabibu, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Tulizungumza habari zake bwenini usiku kucha, maana hakuna aliyekuwa mgeni wa alichopitia. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikataa jambo lile lifunikwe, na kampeni zake za miaka iliyofuata zilikuwa sehemu ya msukumo uliotuletea sheria ya mwaka 1998. Sheria ile haikushuka yenyewe kutoka juu. Watu walipiga kelele miaka minane.

Majirani zetu nao wanatufundisha. Mwaka 2013, katika kijiji kimoja cha Busia nchini Kenya, watuhumiwa wa ubakaji wa kundi dhidi ya msichana walipewa adhabu ya kufyeka majani kituo cha polisi, wakaachiwa. Zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi kudai haki yake, na mwaka 2015 watatu walihukumiwa miaka 15. Lakini lililonigusa zaidi ni uamuzi wa Mahakama Kuu ya Meru wa Mei 2013. Wasichana walioshambuliwa waliishtaki polisi yenyewe kwa kupuuza malalamiko yao, na mahakama ikasema kwamba kutochunguza haraka na ipasavyo kulivunja haki zao za kikatiba. Natamani askari na waendesha mashtaka wote wa Afrika Mashariki wausome. Ucheleweshaji ambao sisi tumeuzoea kama hali ya hewa, mahakama ile iliuita uvunjaji wa haki.

Uganda ina sheria ya ukatili wa majumbani tangu 2010, Kenya tangu 2015, na chini ya sheria hizo mwanamke anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kungoja kesi ya jinai iishe. Tanzania Bara hatuna sheria ya namna hiyo. Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kumzuia mume kumsumbua mkewe, ila mpaka liwepo shauri la ndoa. Na ili ufungue shauri la talaka, kwa kawaida unapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ambako huenda ukawakuta wazee wale wale waliopokea mbuzi. Kama mama wa karoti angekuwa na karatasi ya hakimu inayomkataza mume kukanyaga nyumbani kwa dada yake, swali lake la kwanza lingekuwa na jibu.

Hali imebadilika, na si haki kulificha hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafike miaka 15. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 27. Madawati ya jinsia yameenea, zipo hospitali ambako mwathirika anakuta daktari, askari na ofisa ustawi wa jamii mahali pamoja, na tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria vijijini. Nimewaona mabinti wakifaidika na hayo yote. Hata hivyo asilimia 27 bado ni zaidi ya robo, na wengi wao wataanza safari ile ile ya nauli na tarehe.

Ninachodai hakihitaji fedha nyingi. Mwathirika atoe ushahidi mapema, akiwa bado ana nguvu na kumbukumbu, na shahidi aliyefika asirudishwe bila kusikilizwa. Nauli ya shahidi ilipwe siku ile ile, kwa maana sheria inajua kumwita kwa nguvu na inapaswa kujua kumrudisha kwao. Mtabibu aliyejaza fomu aitwe, au asikilizwe kwa video kutoka kituoni kwake, teknolojia ambayo mahakama zetu tayari zinaitumia. Kesi ikiisha kwa namna yoyote, mwathirika aambiwe na mtu mwenye jina na wajibu, kabla hajakutana sokoni na aliyeshtakiwa. Na hakimu akiambiwa mlalamikaji hana nia ya kuendelea, amuulize akiwa peke yake, mlango umefungwa, kama nilivyofanya mimi, mama mkwe akiwa nje.

Lililobaki ni letu. Yule mzee wa kwenye basi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa jirani aliyesikia mayowe, akaandikisha maelezo polisi, kisha akaachwa peke yake kijijini kati ya mume mwenye fedha na mke asiye na kitu. Kama abiria watatu tu wangehama viti wakakae nyuma na mama yule, naamini angekataa nauli ile.

Ikiwa aliyeumizwa ni mtoto, piga 116, haina malipo. Na ikiwa mtaani kwenu kuna mwanamke mwenye kesi ya namna hii sasa hivi, ulizia tarehe yake inayofuata, na siku hiyo mwende pamoja.